Safu ya Hakuwepo

Karakana, 6 Februari

Redio wangu,

Ujumbe wako wa simu wa juzi ulikuwa na maneno matatu na picha ya kidole gumba. Kidole gumba ninacho mwenyewe, dada, tena vidole vyangu ndiyo kinywa changu, kwa hiyo cha kuchorwa hakinishibishi. Simu iwe ya kuulizana umefika salama. Mambo yenyewe tuandikiane, kama tulivyokuwa tukifanya ulipokuwa bweni na mimi najifunza useremala.

Kwanza, asante ya taa. Wewe unaona ni taa ya barabarani tu, nguzo na balbu. Wenye masikio wanaweza kupiga soga gizani mpaka wachoke. Sisi jua likizama ndipo tulikuwa viziwi kweli kweli. Mtu anakusimulia jambo tamu, giza linamkata katikati, mwisho wake unaupata kesho. Sasa Jumamosi tunakaa mbele ya karakana mpaka wake wa watu wanakuja kuwachukua waume zao kwa kuwavuta mashati. Wote wanakushukuru, na Fundi Viatu anakushukuru mara mbili, kwa sababu yeye ndiye mwenye hadithi ndefu kuliko wote.

Pili, nimekutengenezea kazi. Unaukumbuka ule mlango wa mbao ngumu alioagiza Bwana Harusi, kisha harusi ikavunjika na yeye hajaonekana tena? Nimeusimamisha ukutani, nimeupiga randa upya, na sasa ni ubao wako. Nimechora safu tatu: Ndiyo, Hapana, Hakuwepo. Kila ukipiga kura huko bungeni, mimi naandika hapa. Watu wanaingia kuulizia kitanda, wanakuta mbunge wao ukutani. Safu ya tatu nimeifanya nyembamba kama rula, maana sitegemei kuitumia.

Juu kabisa nimeandika yale uliyoahidi ukiwa umesimama kwenye benchi langu la kazi, mdomo ukiwaambia wasikiao na mikono ikituambia sisi: maji, walimu, na wakalimani wa lugha ya alama hospitalini na mahakamani. La tatu ndilo tunalolingoja. Fundi Viatu bado analihifadhi lile jino lake kwenye kopo la rangi ya viatu. Kila mgeni anaonyeshwa: hili ni jino zima, halina hata doa, niling'olewa kwa sababu nilikuwa nashika taya na kushika kifua, na hakuna aliyejua kusoma mikono yangu. Walipomaliza kuling'oa ndipo moyo ulipomwangusha pale pale mlangoni. Ndipo wakajua.

Basi pigana, Redio. Jina hili nilikupa ukiwa na miaka minne, unanisimulia kwa vidole kila kelele ya mtaa, hata zisizonihusu. Sasa simulia huko.

Kaka yako,
Randa

---

Bungeni, 19 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeandika barua, si kidole. Umeridhika?

Asante ya kigoda ndiyo inayotangulia. Hukukitaja kwenye barua yako, umekifunga tu kwenye gunia na kumpa dereva kama mtu anayetuma viazi. Viti vya hapa vilitengenezwa kwa ajili ya watu warefu, kaka, na tangu niapishwe nilikuwa nakaa miguu ikining'inia kama mtoto kanisani. Sasa naweka miguu yangu juu ya kigoda chako na najisikia mheshimiwa. Jirani yangu amekiulizia. Nimemwambia fundi wake ana foleni.

Kuhusu huo mlango, umenitisha na umenifurahisha. Lakini ujue jambo moja ambalo litakuchekesha. Kura nyingi hapa hazina karatasi wala majina. Spika anauliza, wanaokubali wanapiga kelele “Ndiyo!”, wanaokataa wanapiga kelele “Hapana!”, kisha yeye anasikiliza ni kelele zipi zimezidi. Ndiyo, kaka. Nchi inaendeshwa kwa masikio. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukalie sakafu.

Sasa mswada wetu wa wakalimani sikutaka upite au uanguke kwa makelele. Nimeomba majina yaitwe, mmoja mmoja, na kila mtu ajibu ili iandikwe. Nimefanya hivyo kwa ajili ya mlango wako. Mahesabu yetu yanaonyesha tunakaribiana sana, na kanuni ya hapa ni ngumu: kura zikiwa sare, mswada umeanguka.

Anayetupinga zaidi ni mzee wa upande wa pili tunayemwita Breki, maana kila gari likianza kwenda yeye anakanyaga. Anasema sheria yetu ni ghali na haina wa kuitekeleza. Sikubaliani naye hata kidogo. Lakini sitaacha kumshukuru. Siku yangu ya kwanza hapa nilikaa upande usio wangu, katikati ya wapinzani wetu, na wote walinitazama wakicheka chini chini. Yeye peke yake aliinuka, akanishika mkono kama anayenisalimia, akanitembeza mpaka kwenye kiti changu akiniuliza habari za mvua. Watu wakadhani tunafahamiana.

Mswada unakuja katikati ya Machi. Waambie akina Fundi Viatu waangalie safu ya kwanza.

Mdogo wako,
Redio

---

Karakana, 14 Machi

Dada,

Jana jioni walikuja wote. Hata Mama Vikapu, ambaye hatoki nyumbani kwa sababu ya miguu, alibebwa kwenye mkokoteni wa mbao zangu. Walitaka kuniona nikiandika.

Muuza rangi wa jirani alituletea gazeti. Nilisimama mlangoni pako, kalamu mkononi, nikawasomea majina. Fulani, ndiyo. Fulani, hapana. Nilikuwa nasoma haraka kwa sababu nilikuwa nakutafuta wewe. Nikakufikia. Nikarudia mstari, nikidhani nimeruka. Halafu Fundi Viatu akaniuliza, mbona mikono yako imesimama?

Hakuwepo.

Sare, dada. Kura zilikuwa sare. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba sare inaua. Kura moja tu ilitosha, na kura hiyo ilikuwa ya mwenye mswada, aliyeomba majina yaitwe ili tuone.

Nimeandika jina la mswada kwenye ile safu nyembamba. Herufi hazikutosha, ikabidi zipande juu ya fremu. Hata huyo Breki wako sikuona jina lake kwenye Hapana, sijui alikuwa wapi, labda aliona aibu. Wewe uliona nini?

Nakushukuru kwa taa. Chini ya taa ile ile walikutukana, na mwanga ulivyo mzuri hakuna tusi hata moja lililonipita.

Niambie uliumwa. Niambie gari liliharibika. Niambie chochote ambacho naweza kwenda kuwaambia Jumamosi ijayo. Wengine wanasema umenunuliwa. Mimi nimekataa, lakini nimekataa bila ushahidi, na mtu anayekataa bila ushahidi anaonekana mjinga.

Randa

---

Bungeni, 20 Machi

Kaka,

Sikuumwa. Gari halikuharibika. Sikununuliwa, na najua unalijua hilo.

Nilikuwa kwenye korido nje ya ukumbi, nimeegemea ukuta, nasikia majina yakiitwa. Langu lilipoitwa nilishika kitasa cha mlango. Nilikishika mpaka jina lililofuata likaitwa.

Mswada uliletwa ghafla siku ile, kabla ya wakati wake. Jana yake nilikuwa nimempa mtu neno langu kwamba siku hiyo sitapiga kura yoyote. Sababu si yangu kuisema. Kama ingekuwa yangu, ningekwisha kukusimulia mpaka uchoke, unanijua.

Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa na ahadi mbili, yenu na yake. Nimelala nayo na nimeamka nayo, na bado sina hakika kama nililipa ile iliyostahili kutangulia. Wakinitukana usinitetee. Waache. Wana haki.

Ila wewe nakuomba unijibu, hata kwa mstari mmoja.

Redio

---

Bungeni, 2 Mei

Kaka yangu,

Hujajibu, na sikulaumu. Naandika kukupa habari mbili tu.

Ya kwanza, kanuni zinaruhusu mswada ulioanguka kwa sare urudishwe mara moja, na mara moja tu. Nimeurudisha. Tutapiga kura Agosti. Ukianguka tena, haurudi katika Bunge hili.

Ya pili, nasikia Jumamosi hamkai tena mbele ya karakana yako, mmehamia kwa Fundi Viatu ambako hakuna taa. Kama ni kwa sababu yangu, tafadhali rudini. Taa haina kosa.

Kigoda kiko chini ya miguu yangu sasa hivi. Asante tena.

Redio

---

Nyumbani, 25 Mei

Kwa Seremala,

Hatufahamiani. Mimi ni yule mzee ambaye dada yako na wenzake wananiita Breki, wakidhani sijui. Najua. Mke wangu ndiye aliyecheka zaidi alipolisikia.

Sipendi barua ndefu, lakini hii haina ufupi.

Mwanzoni mwa Machi mke wangu aliambiwa ana uvimbe kichwani, akapewa siku ya kupasuliwa. Hakutaka mtu yeyote ajue, si watoto, si chama changu, si magazeti. Alisema kama anakufa anataka kufa bila kupigwa picha. Nilitakiwa kuwa bungeni siku ile, na chama chetu kilikuwa kinahesabu kila kichwa. Ningekosekana bila sababu, kungekuwa na maswali.

Bungeni tuna desturi ambayo haikuandikwa kwenye kanuni zozote. Tunaiita jozi. Mbunge mwenye dharura anamwendea mbunge wa upande wa pili, anamwambia: mimi kesho sitakuwepo, nawe usipige kura, ili upande wako usinufaike na shida yangu. Wakikubaliana, wote wawili wanakaa nje, na mizani inabaki kama ilivyokuwa. Viongozi wakisikia nina jozi, hawaulizi zaidi. Hakuna saini wala shahidi. Ni neno tu, na anayelivunja hapewi jozi tena na mtu yeyote mpaka anastaafu.

Nilikwenda kwa dada yako, nikamwambia ni mke wangu anayepasuliwa na kwamba ni siri. Sikwenda kwa rafiki zangu, maana rafiki zangu wako upande wangu, na wengi wao wana midomo mipana. Hakuniuliza maswali. Alisema, “Nenda, Mzee. Mshike mkono.”

Asubuhi yake wakuu wangu waliuleta mswada wenu ghafla. Sikujua. Simu yangu nilikuwa nimeizima mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Angeweza kuingia, akasema “Ndiyo” moja, na sheria yake ingepita, na mimi nisingekuwa na pa kulalamikia, kwa sababu nisingeweza kusema nilikuwa wapi. Nimekaa Bunge lile miaka mingi. Nawajua ambao wangeingia. Mimi mwenyewe sijui kama nisingeingia.

Hakuingia. Kisha akatukanwa miezi miwili, akanyamaza, kwa sababu ya siri ya mwanamke ambaye hajawahi kumwona.

Mke wangu amepona. Anatembea, analalamika chakula hakina chumvi, ananirekebisha mbele ya wageni. Jana nilimsimulia yote na akanigombeza vibaya sana: umemwacha binti wa watu abebe mzigo wako muda wote huu? Amesema niandike, na amesema uwasomee wenzako wote, hana tena cha kuficha.

Kwa hiyo nakushukuru wewe, kwa kuwa nasikia ni wewe uliyemlea huyo dada kuwa mtu wa maneno. Yeye nimekwisha kumshukuru, lakini anayajibu mambo haya kwa kuuliza habari za mvua.

Mswada wenu bado naupinga. Ni ghali.

Breki

---

Karakana, 1 Juni

Redio,

Umezaliwa na maneno mengi kuliko mwanadamu yeyote ninayemfahamu. Kumbe hata kunyamaza unajua, na hukuniambia.

Nisamehe, mdogo wangu. Nilisoma barua ya yule mzee nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Halafu nikaenda kwa Fundi Viatu, nikawaita wote, tukarudi hapa chini ya taa, nikawasomea kwa mikono miwili polepole. Nilipofika pale pa “mshike mkono” Mama Vikapu alijifunika uso kwa kanga, na mtu akijifunika uso kwetu sisi ndiyo kaondoka chumbani, kwa hiyo tulimsubiri arudi.

Usidhani wote walikubaliana. Tulibishana mpaka mikono ikauma. Nusu walisema ulikosea, neno kwa watu elfu ni zito kuliko neno kwa mzee mmoja. Fundi Viatu, aliyekutukana kuliko wote, alisema hivi: “Nikimpa mtu kiatu cha mwenziwe kwa sababu amelia sana, kesho nani ataniachia kiatu chake?” Nikamwambia wewe viatu vya watu unavivaa mwenyewe Jumapili. Akasema hilo ni jambo lingine.

Mimi? Sijui kama ulifanya sawa. Ningekuwa wewe, pengine ningekizungusha kile kitasa. Lakini ninachokijua ni kwamba wakati wowote utakaponipa neno, nitalala usingizi. Si kila mtu ana mbunge wa namna hiyo, na si kila mtu ana dada wa namna hiyo. Asante. Nilipaswa kuisema kabla ya kuletewa ushahidi.

Kwenye mlango sikufuta kitu. Rekodi ni rekodi. Nimeongeza tu maneno mawili mbele yake: Alitunza neno.

Na sasa tufanye kazi. Lile gazeti la Machi lilionyesha mbunge mmoja aliyekuwepo lakini hakusema ndiyo wala hapana. Fundi Viatu anataka kuja mbele ya kamati yenu. Hatoi hotuba. Anataka kuweka lile kopo mezani, alifungue, na wewe utafsiri. Ameanza kulisugua jino kwa dawa ya viatu ili ling'ae, nimemzuia.

Kaka yako anayekuenzi,
Randa

---

Hospitali, 18 Agosti

Mheshimiwa na Mzee wangu,

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, kwa hiyo usamehe mwandiko.

Jana asubuhi nilipopita mbele yako nilikuambia maneno matano tu: kaka yangu ameumia, mimi naondoka. Sikuwa na akili ya kusema zaidi. Jirani yake, muuza rangi, alikuwa amenipigia simu akilia. Msumeno wa umeme ulikamata ubao wenye msumari na mkono wa kulia ukaenda nao.

Nilimkuta wauguzi wawili wamemshika mabega. Daktari alikuwa amemwandikia kwenye karatasi, na mwandiko wa daktari unaujua, kaka alisoma neno “mkono” na neno “kukata” na hakusoma lingine. Alidhani wanataka kuukata. Walikuwa wanataka kukata nguo na kamba aliyojifungia kuzuia damu, ili waushone. Hakuweza kuandika swali, kwa sababu mkono wa kuandikia ndio ulioumia. Kwa mkono mmoja uliobaki alikuwa anauliza, anauliza, anauliza, na watu wote chumbani walikuwa wanamwambia atulie. Daktari anasema angechelewa kidogo zaidi kidole gumba kisingeshoneka.

Nikaingia. Nikamwambia kwa mikono yangu, wanashona, kaka, wanashona. Akalegea mwili wote. Akaweka alama ya mkono wa kushoto kwenye karatasi yao ya kukubali.

Mzee, ni mkono. Kwa seremala ni kazi. Kwake yeye ni ulimi.

Sikukumbuka kura mpaka jioni, niliposikia redio ya mlinzi. Ilisema mswada umepita kwa kura moja. Ilisema wewe uliinuka majina yalipoanza kuitwa, ukatoka nje ya ukumbi, wenzako wakikuita. Sikukuomba jozi. Tulikuwa hatujapeana neno lolote. Ungekaa tu kwenye kiti chako ukasema “Hapana,” ingekuwa sare, na sheria hii ingekufa, na hakuna mtu duniani ambaye angekulaumu, hata mimi.

Nimetafuta maneno ya kukushukuru, sina. Mimi, Redio, sina. Basi naomba upokee hivyo hivyo.

Wako kwa heshima na shukrani,
Redio

---

Bungeni, 24 Agosti

Binti yangu,

Usinishukuru sana, nitashindwa kukupinga wiki ijayo. Kuna vifungu vya utekelezaji wa sheria yako vinakuja na nitakanyaga kila kimoja.

Wenzangu wamekasirika. Nimehamishiwa kiti cha nyuma, karibu na mlango wa choo, ambako upepo unanipiga kisogoni. Mkuu wetu aliniuliza, “Kwani mlikuwa mmepatana?” Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza tulipatana lini, na mimi sikumwambia ilikuwa Machi.

Unasema hukuniomba. Mimi nakuuliza, ulipopita mbele yangu uso ukiwa vile, ulitaka nikae nifanye nini? Nilikwisha kukaa kwenye benchi la korido kama hilo lako. Najua ubaridi wake.

Jambo moja nikuambie mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine. Yule aliyekaa kimya Machi, safari hii alisema “Ndiyo.” Nilimkuta koridoni, nikamwuliza kimempata nini. Alisema, “Mzee, niliona jino.” Akaenda zake.

Mke wangu anamsalimu kaka yako. Anasema mkono ukipona anataka mlango, wa mbele, wa mbao ngumu, na atasubiri. Nimemwambia mlango tunao. Amesema huo nao unalia ukifunguliwa, kama mwenye nyumba.

Breki

---

Karakana, 12 Oktoba

Redio,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinatembea kama walevi, wewe zisome tu.

Kidole gumba kiko. Leo kimegusa kidole kidogo kwa mara ya kwanza, na daktari akapiga makofi. Yule mkalimani mpya wa hospitali, msichana mdogo mwenye haraka, akanitafsiria makofi. Nikamwambia makofi ninayaona, mwanangu. Tukacheka. Mdogo wangu, tulicheka hospitalini! Mimi na muuguzi na daktari, kichekesho kimoja, kwa wakati mmoja.

Nazungumza kwa kigugumizi bado. Vidole viwili vimekakamaa, kwa hiyo kila nikisema “mbao” watu wanaelewa “mbuzi.” Fundi Viatu anafanya makusudi, ananiuliza bei ya mbuzi mbele ya wateja. Amerudi kwenye hadithi zake ndefu. Jino amelitia kwenye kikopo kipya, anasema sasa ni jino la serikali.

Jumamosi tulimpa yule mzee jina la alama, kama tunavyowapa watu wetu tu. Ni hivi: kiganja kinakanyaga chini mara moja, kisha kinafunguka. Mwambie. Na mwambie mkewe mlango wake utakuwa wa kwanza nitakaoutengeneza, na hautalia.

Mlango wa Bwana Harusi siuuzi. Mwenyewe alikuja juzi, ana mchumba mpya, akautaka. Akausoma wote akiwa amesimama, juu mpaka chini. Halafu akaagiza mwingine.

Wenzangu walitaka nikutoe kwenye safu ya tatu. Walisema inakuwaje mtu aliyeleta sheria asionekane popote kwenye sheria yake, Machi hakuwepo, Agosti hakuwepo, mtoto wa shule akija kusoma atadhani hukuifanyia lolote. Nimekataa. Kilichotokea kimetokea. Lakini mbele ya ile ya Agosti palibaki nafasi kidogo pembeni ya fremu, na nilishika kalamu kwa mkono huu huu wa kushoto, nikakataa kusaidiwa, nikaandika mpaka jasho likanitoka.

Sasa panasomeka hivi:

Hakuwepo. Alikuwa kwangu.

Kaka yako,
Randa